Kila Kitu Kinateremka Ziwani

Nyumba tunayoishi imejengwa juu ya mawe ya Mabatini, jijini Mwanza, mahali ambapo gari halifiki na kila kinacholetwa hupandishwa kwa miguu, kikiwa kichwani, begani au mgongoni. Nyuma ya jiko letu, kati ya majabali mawili, kuna mtaro mwembamba ambao majirani waliuchimba kwa sururu miaka mingi iliyopita. Maji yake hushuka hadi Mto Mirongo, nao Mirongo hukatiza mjini na kuyamwaga katika Ziwa Victoria. Mvua kubwa za vuli zinapoanza, mtaro huo hupitisha mbele ya macho yangu karibu kila kitu ambacho mtaa wetu ulikitumia na kukitupa tangu mvua za mwisho: chupa za maji, vipande vya viroba, ndala ya mguu mmoja, pampasi zilizovimba, vifuko vya viungo na vya sabuni ya unga. Vyote vinaelekea chini, na chini ni ziwani, kulekule ambako mitambo ya Capri Point na Butimba huvuta maji ambayo, yakishasafishwa, hupanda tena mlimani kuwa maji yetu ya chai.

Ninaanza na mteremko huu kwa sababu ndio ulionifundisha kununua. Maneno "rafiki wa mazingira" siku hizi yamechapishwa kwenye bidhaa nyingi madukani, mara nyingi kwa rangi ya kijani na picha ya jani, na kwa muda mrefu niliyaamini kama ninavyoamini tarehe iliyogongwa kwenye pakiti ya maziwa. Sasa, kabla sijatoa pesa, hujiuliza swali moja: kitu hiki kikishamaliza kazi yake nyumbani kwangu, mvua ikija, kitateremka? Swali hilo lina uzito wa pekee hapa kwetu kwa sababu ya tabia ya ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina mto mmoja tu unaotoka, Nile, unaoanzia Jinja nchini Uganda, ng'ambo kabisa ya upande wetu, na sehemu kubwa ya maji yanayopungua ziwani haipiti hata huko, huondoka kwa mvuke. Mvuke haubebi plastiki, haubebi mbolea, wala haubebi sabuni. Maji huenda zake, vingine vyote hubaki, na Ghuba ya Mwanza, iliyo nyembamba na yenye kina kifupi, hubakiwa na vile tulivyoipelekea sisi wenyewe.

Tuanze na mfuko, kwa kuwa kila mmoja wetu anao. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyokuwa tukiiita rambo. Niliifurahia hatua ile na ninaiunga mkono hadi leo, kwa sababu katika vuli ya mwaka uleule niliona kwa macho yangu mtaro wa nyuma ya jiko ukipitisha maji bila kuziba, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu nilipohamia hapa. Hata hivyo, kilichochukua nafasi ya rambo kinahitaji kutazamwa kwa karibu. Mifuko mbadala tuliyoletewa inafanana na kitambaa, ina vitundu vidogo vidogo kama vya chujio, na wengi wetu tuliipokea tukiamini kwamba ni kitambaa. Ukweli ni kwamba imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, plastiki ileile ya viroba vya mchele, zilizogandamizwa pamoja kwa joto badala ya kufumwa. Viwango vya nchi vilitaka mfuko huo uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ili udumu na kutumika mara nyingi, na mimi naona uzito huo ndio unaobeba maana yote ya sheria. Mfuko mzito unaokwenda nao sokoni miaka miwili ni mbadala wa kweli. Ule mwepesi unaochanika mpini kabla hujamaliza kupanda ngazi za mawe ni rambo iliyobadilishiwa sura, na kibaya zaidi, hauna hata uwezo wa kubeba maji ya dharura kama rambo ilivyofanya. Halafu kuna vifungashio vile vya kuona ndani, vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungia bidhaa viwandani na mashambani, ambavyo leo vinabeba nyanya tatu, maandazi manne na dagaa wa shilingi mia tano. Hivyo ndivyo ninavyoviona zaidi kwenye mtaro siku hizi.

Mwaka 2021 nilipewa katika duka moja mjini mfuko mwembamba ulioandikwa kwa herufi za kijani kwamba unaoza wenyewe. Niliuchukua kwa moyo mweupe, nikautumia mara mbili, kisha nikaamua kuujaribu. Niliuzika uani, kina cha mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, pamoja na kipande cha kikapu cha ukili kilichokuwa kimechakaa. Nilifukua baada ya masika mbili. Ukili sikuuona tena. Palikuwa na udongo mweusi, laini, na mizizi ya mchicha ikipita ndani yake. Mfuko ulikuwepo. Herufi zake za kijani zilisomeka bado, lakini nilipoushika ukingoni na kuuvuta ulikatika, na kila nilipojaribu kuokota kipande, kipande hicho nacho kilikatika, mpaka nikawa nimepiga magoti nikichambua udongo kwa kucha, nikiviacha vingine kwa sababu vilikuwa vidogo kuliko punje ya ulezi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ipo mifuko inayotiwa kemikali ili plastiki ikatike vipande haraka, na kukatika vipande si kuoza. Ipo pia mifuko mingine, ya wanga wa mahindi, ambayo kweli huoza, lakini nyingi huhitaji joto la nyuzi zinazokaribia 60 katika mitambo maalumu ya mboji, joto ambalo udongo wa uani kwangu haulifikii hata Septemba.

Mfuko wa pamba nao una hesabu yake, na ni vyema tuijue kabla ya kujipongeza. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya sokoni, ukaonyesha kwamba mfuko mpya wa pamba hauna budi kutumika mara 131 ndipo athari yake kwa tabianchi ishuke chini ya athari ya mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja. Wasukuma hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Bibi yangu alilima pamba Kwimba enzi zile ikiitwa dhahabu nyeupe, na anayejua palizi yake, dawa zake za wadudu na siku za kuichuma kwa mkono chini ya jua kali, anajua kwamba kitambaa hakiji bure duniani. Mimi huenda sokoni mara mbili kwa wiki, kwa hiyo mara 131 kwangu ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Mfuko ninaoutumia ulishonwa na fundi wa mtaani kwa vipande vya suruali za jinzi zilizochanika magotini, pamba ambayo ilikwisha kulimwa na kuvaliwa, na sasa upo katika mwaka wake wa nne. Mpini mmoja umeshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu.

Kwa dagaa, lakini, hakuna kinachoshinda kikapu. Nilikirithi kwa bibi huyohuyo, kina mdomo mpana na kitako kilichotiwa viraka vya ngozi, na hupitisha hewa kiasi kwamba dagaa hawatoi jasho njiani. Jumamosi moja nilifika nacho Mwaloni, Kirumba, kwa mama mmoja ambaye huuza dagaa wakavu chini ya turubai la bluu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kikapu hicho umekitoa wapi? Siku hizi mnakuja mikono mitupu halafu mnanidai mfuko."

"Ni cha bibi."

"Basi tega nikupimie."

Alijaza sado mpaka ikaweka kilima, akaimimina, kisha akachota konzi nyingine kwa mkono na kuiongeza juu. "Mfuko ningekukata mia mbili," aliniambia. "Hiyo mia mbili ndiyo hawa." Nimelifikiria tendo lake mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu alifanya papo hapo hesabu ambayo maduka makubwa hayajataka kuifanya: gharama ya kifungashio ilitolewa kwenye kifungashio ikarudishwa kwenye chakula. Na ile sado yenyewe, ambayo leo ni kipimo katika masoko yetu yote, kinachopima maharage, viazi na mchele, ilianza maisha yake ikiwa kopo la rangi ya ukutani. Hakuna aliyetuambia tuitunze. Ilikuwa na ukubwa unaofaa, haikupasuka, na watu wakakataa kuitupa.

Dagaa wananifikisha kwenye jambo ambalo limenigusa kuliko yote. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanasayansi waliokuwa wamenunua sangara na sato hapahapa Mwanza, samaki 20 wa kila aina, wakayapasua matumbo yao. Katika kila aina, mmoja kati ya watano alikutwa na vipande vya plastiki vilivyothibitishwa maabara, zikiwemo aina zinazotumika kutengeneza mifuko na nyuzi za nguo. Sato tunamtumbua, utumbo tunautupa. Dagaa tunamla mzima. Sitaki kumtisha mtu kuhusu kitoweo ambacho kimelea watoto wa Kanda ya Ziwa, nami mwenyewe ninakila karibu kila wiki. Ninachosema ni kwamba vile vipande nilivyoshindwa kuviokota uani vina mahali vinapokwenda, na mahali hapo pana midomo.

Kuhusu pampasi nitasema kwa wazi, kwa sababu ni jambo ambalo kinamama tunalizungumza kwa sauti ya chini. Kwenye milima yetu gari la kunyonya vyoo halifiki, na ingawa katika baadhi ya mitaa yamewekwa mabomba madogo ya majitaka yanayoshuka kati ya nyumba, bado wapo wanaosubiri mvua kubwa usiku ili watapishe vyoo. Pampasi iliyotumbukizwa chooni hutoka siku hiyo, na iliyotumbukizwa kwenye bomba huziba bomba la nyumba kumi. Mwanangu wa pili nilimlea kwa nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku. Nilifanya hivyo kwa kupima mambo mawili: nepi zinataka maji, na maji kwetu hupandishwa kwa ndoo bomba linapokauka, usingizi nao ni haki ya mzazi. Hivyo badala ya pampasi tano au sita kwa siku nilitumia moja, nayo niliikabidhi kwa vijana wa kikundi cha usafi siku ya kupita kwao, ikiwa imekunjwa na kufungwa. Sidai kwamba huo ni usafi kamili. Ni pampasi nne au tano kila siku, kwa karibu miaka miwili, ambazo hazikuteremka.

Sabuni ilinichukua muda zaidi kuielewa. Nilidhani ubaya wake ni sumu, kumbe tatizo kubwa la ziwa ni shibe. Fosforasi, ambayo imo katika sabuni nyingi za unga, katika mbolea, katika kinyesi na katika udongo wenyewe, ni chakula cha mwani na cha magugu maji, yale yaliyolivamia ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufika kilele miaka ya 1990. Maji yanapogeuka kijani kibichi kama mlenda pembezoni mwa ghuba, kinachoonekana pale ni shibe hiyo. Nikiwa na ufahamu huo niliacha sabuni ya unga nikarudi kwenye sabuni ya mche, inayotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, na maji ya kufulia nikaacha kuyamwaga mtaroni. Huyamwaga kwenye migomba miwili iliyo upande wa juu wa ukuta, kwa kuwa udongo hushika fosforasi na mgomba huitumia. Wanaofulia ziwani penyewe, na ni wengi, hawana hata mgomba wa kuwasaidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji kama zinaweza kuyaathiri, lakini mama asiye na bomba hawezi kufua kwa sheria. Anahitaji bomba.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba fosforasi haishuki kwa mitaro peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hutoka angani, ikishuka pamoja na vumbi, moshi na mvua. Niliposoma hivyo nilikumbuka kila jioni ambayo tumechoma taka uani, moshi ukielekea ziwani taratibu, nasi tukidhani tumeziteketeza. Tangu hapo hatuchomi. Maganda ya ndizi, ya viazi na majani ya chai huingia kwenye viroba vitatu vilivyotobolewa pembeni, vikiwa vimejazwa udongo na samadi, na humo tunavuna mchicha na matembele, kwa kuwa juu ya jabali udongo wa bustani ni haba.

Jiko linaingia hapohapo. Mkaa ninaouona ukiteremshwa kwenye malori unatoka mbali, na kila mti unaoanguka huacha ardhi wazi, na ardhi iliyo wazi husombwa na maji kupitia mito kama Simiyu mpaka Ghuba ya Speke, ikiwa na rutuba yake yote. Kwa maana hiyo mkaa nao unateremka, ingawa hatuuoni kwenye mtaro wetu. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa tangu mwanzoni mwa mwaka huohuo. Nyumbani, mtungi mdogo wa gesi ulitutosha kwa chai na ugali, lakini maharage yalibaki kwenye mkaa kwa sababu kila mtu aliniambia kwamba umeme utanifilisi.

Niliamua kupima. Niliazima jiko la umeme la presha kwa jirani, nikaloweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, asubuhi nikazima kila kitu ndani ya nyumba, nikasoma LUKU, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, nikaandika namba kwenye karatasi. Maharage yalipoiva, laini kabisa, nikarudi kwenye LUKU: ilikuwa imepungua nusu yuniti, thamani isiyofika shilingi 200. Mkaa wa kuyaivisha maharage hayohayo ungenigharimu mara kadhaa ya pesa hiyo, pamoja na kikohozi. Kikwazo cha kweli ni bei ya jiko lenyewe, ambayo mtu anayenunua mkaa wa kopo hawezi kuitoa kwa mara moja. Wanawake sita wa ujirani wetu tulilitatua kwa mchezo, yaani kuchangiana fedha: kila mwezi mmoja wetu alipokea, na masharti yalikuwa kwamba anunue jiko kabla ya kununua kingine chochote. Niliona aibu kupendekeza sharti hilo, kwani fedha ya mchezo ni ya mtu, haiulizwi. Jirani yangu mkubwa kwa umri ndiye aliyelisema badala yangu, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kupokea.

Kuhusu soda sina mengi. Zamani kila soda ilikuwa ya chupa ya kioo, unaweka dhamana au unapeleka chupa tupu. Siku hizi tumezoea tekawei, na chupa yake ya plastiki, asipopita mwokota chupa, inaishia pale nyuma ya jiko letu. Nyumbani tumekubaliana kwamba soda ya Jumapili itakuwa ya kioo, hata kama ni lazima mtu ashuke ngazi zote hadi duka lenye kreti. Wiki iliyopita alikwenda mwanangu mkubwa, chupa nne tupu zikiwa kwenye mfuko wa jinzi, akarudi akihema na nne zilizojaa. Niliigeuza moja mkononi kabla ya kuifungua. Tumbo lake lilikuwa na mikanda miwili ya weupe iliyokwaruzwa mpaka kioo kikawa kama kina ukungu, pale ambapo chupa husuguana na wenzake ndani ya kreti kila inaposhuka kiwandani na kupanda tena.